Zamu ya Kinue

Kinue alikuwa akila yai huku akingoja nife.

Ndivyo tulivyokuwa tukionana. Mimi nilichoma vigae usiku, yeye alikandamiza udongo mchana. Ninapotoka mimi, yeye anaingia. Katikati hapo palikuwa na mkahawa wa Suzuran, mbele ya kiwanda. Asubuhi ukiagiza kahawa ulipewa na mkate wa kuchoma na yai la kuchemsha, bila kuongeza kitu. Meza ya pembeni ilikuwa mashine ya mchezo. Juu kioo, chini ya kioo picha. Mbu wanashuka safu kwa safu, nawe una kibomba chako pale chini, unawapulizia dawa. Mmoja anakaa huku, mwingine kule. Mbu wakikugusa umekufa, na picha inageuka, miguu juu kichwa chini, inamtazama mwenzako. Sasa ni zamu yake.

"Umeshakufa?" Kinue alikuwa akisema. "Hata chumvi sijaweka."

Nilikufa upesi kwa sababu vidole vyangu ni vizito. Vyake vilikuwa vyepesi. Alikuwa anaweka yai mdomoni zima, anashika kile kifimbo, na mimi nakunywa kahawa yangu hadi mwisho nikimtazama. Kahawa ikiisha bado yuko hai. Kisha king'ora cha kiwanda kinalia, anaacha kila kitu, anafunga kitambaa kichwani, anatoka mbio. Mbu wanamaliza kibomba chake wenyewe.

Miaka mingi sana tuliishi hivyo. Watu wengine waliongea na wake zao usiku. Sisi tulikuwa na meza ile.

Kinue na dada yake Fusa walikuja mji huu wa Takahama wakiwa wasichana, kutoka visiwa vya Amakusa, kufanya kazi ya vigae. Fusa aliolewa na mtu wa ghala. Kinue akanipata mimi. Shule niliiacha mapema, na kusema kwangu kulikuwa kugumu tangu hapo. Hatukujaliwa watoto. Tukastaafu. Suzuran ikafungwa mwenye nyumba alipozeeka, sasa pale ni maegesho ya magari ya daktari wa meno. Meza ile sijui ilikwenda wapi.

Mwezi wa pili mwaka huu Kinue alifariki. Mapafu. Vumbi la udongo halisahau mtu.

Mwezi wa nane nilikwenda kununua taa nyeupe ya karatasi. Marehemu akirudi nyumbani kwa Bon yake ya kwanza, sikukuu ya wafu, huwashiwa taa nyeupe, aione nyumba, asipotee. Nilikuwa narudi na taa yangu kwenye baiskeli nikaona banda la zamani la vigae, mlango wazi, na ndani zimejaa meza. Meza za michezo. Nikasimama muda. Jua lilikuwa kali, nikaingia.

Mwenye banda aliitwa Kamiya, mtu wa miaka hamsini hivi, taulo kichwani. Kazi yake ilikuwa kuzinunua mashine kwenye mikahawa inayokufa, kuzitengeneza na kuziuza kwa wanaotaka kuziweka nyumbani.

"Karibu mzee. Unatafuta ipi?"

"Naangalia tu."

Nikaangalia. Ya mbu ilikuwa ya nyuma kabisa. Si ile yetu, kioo cha yetu kilikuwa na alama ya sigara, lakini ni ndugu yake.

"Jaribu," Kamiya akasema. "Hapa haitaki sarafu."

Nikabonyeza kitufe cha mchezaji mmoja. Nikafa, nikafa tena, nikamaliza.

"Mzee, unacheza kama mtu anachimba mtaro."

"Ndivyo nichezavyo."

Akacheka. Akaniuliza kama mlango wa nyumba ni mpana, kama sakafu ni ya mikeka au mbao. Nikamjibu.

"Na nyumbani mko wangapi?"

"Peke yangu. Mke wangu alifariki mwezi wa pili."

Akavua taulo kichwani, akainama. Habari za picha kugeuka sikumwambia. Huwezi kumfungulia mtu wa banda mambo yako ya ndani. Bei aliyotaja sikuibisha. Nikamwomba jambo moja tu, ifike kabla ya Bon.

Ikafika tarehe kumi na mbili, siku moja kabla. Fusa alikuwa kwangu anakata mashina ya maua ya madhabahu ya nyumbani, penye picha ya Kinue. Tangu msiba huja kila siku mbili tatu, ananipikia na kunisema.

"Shemeji," akasema alipoona wanaume wawili wameibeba mlangoni, "dada yangu anarudi kwa mara ya kwanza tangu afe, na wewe umemnunulia mbu. Kwani wa bustanini hawatoshi?"

"Walikuwa wake," nikasema.

Kamiya akavua viatu, akaingia, akaisukuma mashine hadi ukutani, upande mmoja umegusa ukuta. Akaweka kiti kimoja mbele. Akakifuta kioo kwa kitambaa, akakifuta tena. Kisha akaomba ruhusa, akapiga magoti mbele ya picha ya Kinue, akawasha kijiti cha ubani. Alikaa pale kwa heshima kweli. Msaidizi wake akangoja barazani.

Nikampa chai ya shayiri. Akanywa kikombe kimoja.

"Nimeitengeneza ikufae, mzee," akasema akivaa viatu. "Hutapata taabu nayo."

Walipoondoka, mimi na Fusa tukaivuta hadi katikati ya chumba. Nikaleta kiti cha pili kutoka jikoni. Nikakaa upande wangu, upande wa mlango, kama kule Suzuran. Nikabonyeza cha wachezaji wawili. Mbu wakashuka. Nikafa.

Picha ikakonyeza. Haikugeuka. Ilikuwa zamu ya Kinue, na bado inanitazama mimi.

Nikaiacha ife. Nikaanza upya. Ikawa vilevile. Nikainuka nikazunguka, nikakaa kiti chake, nikashika kifimbo chake. Kimelegea, hakiamuru kitu. Na picha kutoka upande ule ilikuwa kichwa chini. Sikuwahi kukaa upande ule.

"Imeharibika?" Fusa akauliza.

"Haigeuki."

"Nini haigeuki?"

"Picha. Kwa mwenzako."

Fusa aliwahi kuja Suzuran, aliona. Akaweka mkasi chini.

"Mpigie yule bwana."

"Kesho ni Bon. Anafunga banda."

"Ndiyo upige leo."

Nikapiga.

"Kamiya hapa."

"Ni mimi, Sugiura."

"Ah, mzee. Inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Vizuri sana."

"Ahsante kwa jasho lako, na joto hili."

"Si kitu, mzee. Si kitu."

Nikaweka simu.

Fusa alinitazama. "Umempigia umshukuru."

"Alibeba mzigo."

"Kinue alikuwa akiniambia, kuishi na mume wangu Tamotsu ni kama kuishi na kigae. Mvua hainipati, lakini mazungumzo hakuna." Akaokota mkasi. "Na mimi sitakupigia. Mke ni wako."

Usiku ule nililala vibaya. Nilikuwa nimechoka tangu mwezi wa pili, na uchovu ule hauishi kwa kulala. Nilifikiri, basi, ni mashine tu. Aliyekufa haji kucheza. Lakini taa nimenunua, na maua, na Fusa amepika. Vyote hivyo ni vya mtu asiyekuwapo, na hakuna anayecheka. Kama anakuja, atakaa wapi? Sina maneno ya kumpa. Sikuwa nayo hata alipokuwa hai. Nilikuwa na meza.

Asubuhi nikapanda baiskeli hadi bandani. Pamefungwa. Nyumba ya Kamiya iko nyuma yake. Gari liko wazi, wanapakia matikiti maji na maboksi ya zawadi, wanakwenda kwa wazazi wa mkewe. Kamiya akaniona, akaja upesi.

"Mzee? Umekuja kwa baiskeli na jua hili?"

"Haigeuki," nikasema.

Hakuniuliza nini. Akatazama chini.

"Ndiyo. Nilifunga mwenyewe. Ndani kuna swichi ndogo, ukitaka igeuke, ukitaka isigeuke. Ulisema uko peke yako." Akajifuta shingo. "Nikaona, siku moja mkono utateleza, utabonyeza cha watu wawili, halafu picha igeukie kiti kitupu. Nikaona heri nisiache jambo kama hilo nyumbani kwa mtu aliyefiwa. Na jambo lenyewe si la kumwambia mtu."

Nilimwelewa. Hata mimi ningefanya hivyo, na ningenyamaza hivyohivyo. Huku kwetu wema ukisemwa unakuwa mzigo kwa aliyetendewa.

"Nataka igeuke," nikasema.

"Mzee, itageuka, lakini mashine haijui kama kuna mtu. Itamtumia mbu hivyohivyo, mpaka afe."

"Najua."

"Utakaa unamwangalia."

"Anakuja leo," nikasema. "Upande ule ndio wake. Mimi nilikuwa natoka kazini, yeye anaingia. Tulikuwa tunaonana hapo tu. Yeye hula yai, mimi nacheza. Nikifa inamgeukia. Nyumbani sikuwa na la kumwambia. Hapo haikuhitaji."

Nikaishiwa pumzi. Tangu mazishi sikuwa nimesema maneno mengi hivyo kwa mpigo. Nikashika usukani wa baiskeli.

Mkewe Kamiya akatoa kichwa dirishani. "Baba nanii, tutachelewa. Mama amekwisha weka mchele."

"Mwambie mama ale," Kamiya akasema. "Mwambie nina nyumba yenye taa nyeupe ya kupitia kwanza."

Mkewe akanitazama, akashuka garini, akainama. Kisha akaanza kuteremsha matikiti yaingie kivulini.

Kamiya akatupia baiskeli yangu nyuma ya pikapu lake la kazi. Tukaenda kwangu. Nyumbani akafungua kifuniko chini ya meza, akaingiza kijiti cha kuchokolea meno, akasukuma kitu kidogo kama punje ya mchele. Kazi yenyewe haikufika muda wa kunywa kikombe cha chai. Akafunga.

"Nijaribu?" akauliza.

"Hapana. Ngoja jioni."

"Sawa." Akainama mbele ya picha ya Kinue tena, na safari hii alimwambia kitu kwa sauti ya chini. Nadhani alimwomba radhi. Mlangoni Fusa akambana na boksi la wali wa maharage mekundu na biringanya za kachumbari, akakataa, akaambiwa asiwe mtoto, akachukua.

Jioni tukawasha moto wa kumkaribisha. Mabua makavu ya katani, juu ya kigae. Kigae kilitoka tanuri letu, cha mwaka wa mwisho. Fusa alikuwa ametengeneza farasi wa tango, Kinue ampande aje haraka, na ng'ombe wa biringanya, arudi polepole. Ng'ombe alikuwa na mguu mmoja mfupi.

"Huyu atamwangusha," nikasema.

"Aanguke. Atakaa zaidi."

Moshi ukaingia ndani kwa mlango. Taa nyeupe ikawaka. Nikachemsha mayai mawili, moja nikaliweka juu ya kioo, upande wa kule. Nikakaa kiti changu.

Fusa alikuja na chai yake, akashika kile kiti kingine.

"Hapo pana mtu," nikasema.

Akaachia. Akakaa mkekani, mgongo kwenye nguzo.

Nikabonyeza cha wawili. Mbu wakashuka. Nilijua nitakufa na nikafa. Picha ikageuka, miguu juu kichwa chini, ikatazama kiti.

Kibomba cha Kinue kilikuwa katikati, kimetulia. Mbu wakashuka, wakakigusa. Picha ikanirudia.

Mara ya pili nikaondoa mikono. Nikaiweka magotini. Nikamwacha mbu anifuate nilipo.

"Unamwachia," Fusa akasema nyuma yangu.

Mikono niliiacha magotini.

"Alichukia kuachiwa. Wakati ule wa karata ulipomwachia, hakukupikia siku mbili."

Ni kweli. Nikashika kifimbo. Nikacheza, kwa vidole vyangu hivi vizito, kwa nguvu nilizokuwa nazo. Picha ikaenda, ikarudi, ikaenda. Mwisho ikaandika namba zetu, huku na kule. Yake ilikuwa duara tupu. Yangu haikuwa kubwa, lakini ilikuwa namba. Miaka yote ile sikuwahi kumshinda hata mara moja, na nilikuwa nimefikiri siku hiyo ikija nitamcheka.

Tukakaa. Ubani ukaisha, Fusa akawasha mwingine. Nikabonyeza tena. Nikafa upesi, ikamgeukia.

"Yai lake litapoa," Fusa akasema.

"Limenye. Tugawane naye."

Akasogea kwa magoti, akaligonga ukingoni mwa meza, akalimenya juu ya kiganja. Alimenya kama Kinue, ganda lote kwa kipande kimoja. Akalikata vipande vitatu, kimoja akakiweka madhabahuni.

"Chumvi iko wapi?"

Nikainuka, nikaenda jikoni. Kopo la chumvi lilikuwa nyuma ya chupa ya siki, Fusa hupanga anavyotaka yeye. Nilikuwa bado napapasa niliposikia ile sauti ya mbu, ikazimika, ikaanza tena.

"Shemeji," Fusa akaita. "Imekugeukia wewe. Unakufa huku."

"Nakuja," nikasema. "Mwambie nakuja na chumvi."