Soksi Ndani ya Kifundo cha Gurudumu

Tunakaa Mishomoroni, na daktari aliyemzoea mama yuko Port Reitz, ng'ambo kabisa ya mji. Kila siku yake ya kliniki ya sukari nilimpakia kwenye gari letu kuukuu, tukavuka daraja, tukapenya mjini, tukatokea Changamwe na kujichomeka baina ya matrela ya kontena yanayotoka Kipevu. Matrela mama aliyaogopa. Alikamata mkanda wa kiti kwa mikono miwili na midomo yake ikawa inasoma dua mpaka tufike.

Gari hilo lilikuwa likitengenezwa na mtoto wa khaleti yangu, yaani dada yake mama. Alikuwa na gereji ya mabati karibu na kwetu, na mama alimpenda kwa adabu yake, maana hakupita mlangoni bila kuamkua. Gurudumu la mbele, upande anaokaa mama, lilipoanza kugonga kila tukiingia shimoni, nilimpelekea yeye gari. Akashinda nalo, jioni akalirudisha. Akasema amebadilisha boljointi, kile kifundo cha chuma kinachounga gurudumu na mkono wake wa chini, na kwamba ametia kipya kabisa. Kweli kelele zilinyamaza. Baada ya safari chache zikarudi, na sasa usukani nao ukawa unavuta kushoto.

Nilipomwambia, akacheka. "Kipya hicho, dada, bado kinajizoesha. Wewe enda polepole tu."

Mimi nimelelewa na dereva wa matrela. Marehemu baba alikuwa akitulaza chini ya magari sisi watoto wake wote, wa kike kwa wa kiume, atuonyeshe kilicholegea na kilichokaza. Basi Jumamosi moja asubuhi nilivaa suruali kuukuu, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu, nikapiga jeki na kusukuma kigogo chini ya bodi, gari lisije likanilalia. Nililishika gurudumu juu na chini, nikalitikisa. Likacheza kama jino bovu. Nikalishika kushoto na kulia; hapo lilikaza. Nikalifungua, nikajilaza juu ya gunia na tochi mkononi.

Kwanza ilikuja harufu. Nilidhani paka amefia humo. Nikapeleka pua karibu, na haikuwa mzoga, ilikuwa mafuta yaliyokaangiwa samaki mara nyingi mpaka yakachacha. Mafuta hayo yalikuwa yakivuja kwenye boljointi. Kifundo kilipakwa rangi nyeusi inayong'aa, na mpira wake ulifungwa waya. Nikapitisha mtaimbo chini yake na kuunyanyua kidogo. Kifundo kikaruka ndani ya kikombe chake, kong! Nilipokwaruza rangi kwa bisibisi nikakuta kutu ya miaka.

Nikakata waya. Mende walitoka, wadogo wadogo, wakanitambalia kwenye kidole gumba hadi kwenye kifundo cha mkono. Nilipiga ukelele nikajigonga kipaji cha uso chini ya gari. Mpira ulikuwa umepasuka nusu nzima, na ndani yake kulishindiliwa kitambaa. Nilikivuta kwa koleo kikaja polepole, kizito, kinateleza, kimejaa mchanga. Nilipokinyoosha juani niliona kisigino. Ilikuwa soksi ya mwanamume.

Nilikwenda ukutani nikatapika chai yote ya asubuhi.

Mama alitoka barazani. "Una nini, mwanangu?"

"Njoo uone boljointi mpya, mama."

Akaja na bakora yake, akainama. Akaitazama ile soksi, akaziba pua kwa ncha ya buibui. Nilimpigia simu binamu yangu nikamwambia aje, na kwa kuwa ni karibu, alifika upesi.

"Shikamoo, khaleti," alisema, akitabasamu.

"Marahaba," mama akajibu, bila ya kumwangalia.

Nikamwonyesha soksi kwenye ncha ya koleo. "Hii ni nini?"

Aliitazama kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha jirani. "Hiyo ni ya kuzuia kelele. Kipuri kilikosekana madukani, ndipo nikaishikiza kwanza."

"Uliniambia umetia kipya."

"Ningekwambia kilikosekana, ungekwenda kwa fundi mwengine."

"Na mafuta haya ya samaki?"

"Grisi ilikwisha, dada. Mafuta ni mafuta."

Alisema hivyo huku akijipangusa mikono kwenye shati, mikono ileile aliyozoea kumpa mama akimwamkua. Nikamsogezea soksi karibu. "Ulijua mama hukaa upande huu? Ulijua tunapita baina ya matrela, na kifundo hiki kikichomoka gurudumu linalala?"

"Si nilikwambia uende polepole?"

Mwizi ningalimwelewa. Huyu alikwisha kumpima khaleti yake kichwani, akaona soksi yamtosha.

Mama ndiye aliyesema. Sauti yake haikupanda. "Baba, ichukue soksi yako, wende nayo. Gari hili usiliguse tena."

"Khaleti, wallahi sikukusudia..." alisema akiipokea.

"Usiape mbele yangu na hicho kitu mkononi."

Akaondoka akiwa ameibeba kwa vidole viwili. Nilinawa kwa sabuni ya unga, kwa ndimu, kwa majivu, na usiku nikila bado nilisikia harufu ile kwenye kucha. Nilikula kwa kijiko.

Fundi mwengine alikuja nyumbani, akatia kifundo kipya mbele ya macho yangu, akabadilisha na cha upande wa pili. Gari limetulia, na kliniki tunakwenda. Khaleti yangu alikasirika, akasema tumemvunjia mwanawe jina kwa ajili ya kitambaa. Mama akamjibu kwenye simu kwamba aje apande yeye kiti cha mbele, gurudumu likiwa limetiwa kitambaa hicho. Walinuniana hadi Ramadhani, ndipo wakapatana.

Mimi sijapatana na mtu. Juzi nilikutana na binamu yangu njiani, akaninyooshea mkono kwa furaha kama zamani. Nilimsalimia kwa mdomo. Mkono sikumpa.