Mti wa Fundi Alfonsi

Mtaani kwetu Buza watu hawanisalimu tena. Watoto waliokuwa wakinipigia shikamoo kutoka mbali sasa wanavuka njia, na vitumbua vyangu vinalala. Wanasema mie mchawi. Yupo mtu mmoja tu awezaye kuyafuta maneno hayo, jirani yangu fundi Alfonsi, tena kwa neno moja. Basi nitawaeleza Alfonsi ni mtu wa namna gani, mpime wenyewe.

Ni mtu wa Bukoba, alikuja mjini angali kijana. Umri wake wote kaumalizia Keko, kando ya barabara, anachonga vitanda na makabati. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vililiwa na mashine ya randa, lakini vilivyobaki vina akili. Mkewe alipofariki, jeneza alichonga yeye, na hakumruhusu mtu mwingine kushika nyundo. Si msemaji. Ila taja mbao ya mninga, hapo utamsikia. Watu wakinunua mbao humwita kwanza azinuse. Hufumba macho, akavuta pumzi, akasema huu mninga, huu wamewapaka rangi. Hajapata kukosea. Ndiyo sifa yake na ndicho kiburi chake, na kiburi mie nakijua nikikiona, maana ninacho.

Nyuma ya nyumba yake umesimama mti uliobaki tangu huku kulipokuwa pori. Mwaka mzima hakuna anayeutazama. Kiangazi unapukutika, unabaki fito tupu, utadhani umekufa. Halafu vuli ikikaribia, kabla jani moja halijachipua, unatoa maua ya manjano mti mzima, na nyuki wanavuma kutwa. Mwaka huu yalikuwa mengi hata ua wangu ukafunikwa. Mie nilizoea kuuona, nikanyamaza, kwa kuwa sikuulizwa.

Ila tawi lake kubwa lilikuwa limelalia bati la Alfonsi, naye akaona mvua zisimkute hivyo. Akamwita Rogers, kijana mwenye msumeno wa mashine. Hapo ndipo nilipokwenda uani nikasema, na mjumbe wetu Tupokigwe alikuwa amesimama pale pale anasikia.

"Alfonsi, huo ni mninga. Kwetu Liwale ndivyo unavyokuwaga, maua kwanza, majani baadaye. Na ukiukata utatoa damu, mwambie kijana asije akashtuka."

Alicheka mpaka akakohoa. "Bi Chausiku, mie ndio wa kufundishwa mninga? Kakaange vitumbua, mama, vinaungua."

"Haya. Nimeshasema."

Mie neno silirudii. Nikarudi jikoni kwangu.

Msimwone mjinga. Mninga Keko unafika juu ya lori, umeshapasuliwa, hauna gome wala ua. Alfonsi alikuwa hajauona umesimama hata siku moja. Ni kama mtu aliyekula nyama maisha yake yote, ukimwonyesha ng'ombe anakuuliza huyu nani.

Rogers akapanda, mashine ikalia, tawi likaanguka vizuri tu. Kisha pale kwenye jeraha pakachuruzika utomvu mwekundu, mzito, kama damu ya mbuzi aliyechinjwa. Ukammwagikia mikononi na kifuani. Yule kijana alidhani kajikata. Akaanza kujipapasa akitafuta kidonda, hakukiona, akaachia mikono yote miwili. Alipofika chini mguu ulikuwa umevunjika.

Watu wakajaa. Wengine walisema ni jini, wengine wakasema pana mtu alizikwa pale. Tupokigwe hakupiga kelele. Alinigeukia taratibu akasema, "Bibi alisema utatoa damu. Alijuaje?"

Nikawajibu kuwa nimekulia penye miti hiyo, kwetu mti huo hata mtoto anaujua. Wakanitazama macho, ambayo ni mekundu kwa moshi wa kuni, na nikaona wanayahesabia jambo jingine. Kesho yake mafiga yangu yalikuwa yamepinduliwa. Keshokutwa ukuta wangu ulikuwa umeandikwa kwa mkaa. Kusoma kwangu ni kwa kuokoteza, lakini HAMA niliisoma. Mwanangu akanipigia simu niende kwake Mikocheni. Nikamwambia nyumba hii nimeijenga kwa vitumbua, siiachii mkaa.

Siku hizo hizo nilimwona Alfonsi kupitia uani. Alikuwa amekata kipande cha lile tawi, amekikausha juu ya bati, anakipiga randa. Akakipeleka puani. Alisimama hivyo kitambo, macho kayafumba. Alipoyafumbua aliangalia nyumbani kwangu, akaingia ndani. Alijua.

Jumapili mjumbe akaitisha kikao uwanjani. Rogers aliletwa na mguu wake wa plasta, akaketishwa mbele kabisa. Tupokigwe akasema tusiende kwa hasira, tumwulize mjuzi.

"Fundi, hapa mbao unazijua wewe. Huo ni mti gani?"

Nikamtazama Alfonsi. Angesema mninga, mie ningerudi kuwa kizee anayeijua miti ya kwao, yakaisha. Lakini angekuwa amesema pia kwamba fundi wa mninga amelala ubavuni mwa mninga miaka yote akiuita mti pori, tena akamcheka aliyemwambia. Alijifuta uso kwa ule mkono wenye vidole vitatu.

"Mti pori tu," akasema. "Siujui."

Akaketi. Kutoka nyuma kijana mmoja akasema basi tuchome. Mwingine akamwuliza, "Mti, au mwenye kuujua?" Watu wakacheka.

Jana asubuhi kaja kwangu na sanduku lake la zana, hakuitwa. Akang'oa kitasa changu cha bati. Akapigilia vyuma viwili vinene kwenye fremu ya mlango, akapitisha komeo la mbao, nene kama paja langu, limepigwa randa hata linateleza. Kazi ilimchukua mpaka adhuhuri, na muda wote hakuinua uso.

"Mbao gani hiyo, fundi?"

Nyundo ikasimama. "Mninga, Bi Chausiku."

"Ungesema kikaoni."

"Bado mbichi," akasema, "ila itakaza. Jua likizama ukomee. Na usimfungulie mtu, hata akijitaja jina."

Nikamwuliza wanakuja lini. Aliinama akaokota misumari yake iliyodondoka kizingitini, mmoja mmoja, akaondoka.