Komeo la Choo cha Mama

Miaka ya wakimbizi, uani kwetu Ujiji hapakuwa na mahali pa kutandika mkeka bila kumwomba mtu asogee. Mama mdogo, aliyezaliwa tumbo moja na mama, alivuka ziwa kutoka Uvira na wanawe. Nyuma yake wakaja watu aliopanda nao boti, na nyuma yao wengine waliosikia kwamba nyumba yetu haifukuzi. Wengi walipelekwa kambini, wachache wakabaki kwetu. Sikuwachukia. Nalisema mapema kwa sababu kila ninapoisimulia hasira yangu ya miaka ile, watu hudhani ilikuwa juu ya wageni. Hasira yangu ilikuwa juu ya choo, na juu ya baba yangu mdogo.

Choo chetu kilikuwa mwisho wa ua. Kilikuwa shimo la kuchuchumaa, na mahali pa mlango palikuwa na gunia. Mama alikuwa amepooza mguu wa kushoto, kwa hiyo kila alipohitaji kwenda nilimshika kwapani, mkono wangu wa pili ukabeba kopo la maji, tukavuka ua mbele ya watu wote wale. Walikuwa na adabu. Walinyamaza na kuangalia chini mpaka tupite, na adabu ile ilimuumiza mama kuliko kama wangemkodolea macho. Mama mdogo alipoligundua hilo aliwaambia wasinyamaze, waongee kama kawaida. Basi kila tulipopita wakawa wanaongea kwa sauti kubwa habari za mihogo, watu wazima na akili zao, mihogo tu, mpaka tufike kwenye gunia.

Kule ndani nilimshikilia asianguke, uso wangu nimeugeuzia ukutani. Huyu ni mwanamke ambaye hata marehemu baba hakuwahi kumwona akichana nywele. Akaanza kuacha kunywa maji. Midomo ilimkauka mpaka ikapasuka, nikimpa kikombe anasema hana kiu, nami najua kwamba anayo, na yeye anajua kwamba najua.

Ndipo nilipoamua kugeuza stoo kuwa choo. Ilikuwa stoo ndogo ya mkaa na madumu, upande wa kusini wa sebule, nyembamba kiasi kwamba ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Nilikuwa nauza dagaa Kibirizi, nimerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, na pesa yangu haikuwa ya kujengea mambo makubwa. Nilipata choo cha kukalia kilichokwisha kutumika, kutoka nyumba ya wageni iliyokuwa ikikarabatiwa, kimemeguka kidogo ukingoni. Vigae nilinunua vile vilivyovunjika, vinavyouzwa kwa gunia. Mchanga tuliuchota wenyewe ufukweni, tukausuuza. Shimo jipya nyuma ya ukuta walilichimba wageni wetu, na nilipotaka kuwapa chochote walikasirika. Maji yangekuwa ya kumwaga kwa ndoo. Mlango niliung'oa kwenye chumba changu mwenyewe, mimi nikatundika kanga.

Mama aliomba kitu kimoja tu, komeo la ndani. Nikamnunulia jipya, la chuma kizito, na ndicho kitu pekee kipya katika kazi ile yote. Alikaa nalo mapajani jioni nzima akilisukuma na kulirudisha.

Sasa nimseme baba mdogo. Baba alipofariki, mdogo wake huyu alihamia chumba cha mbele, akakalia kiti cha baba pale sebuleni, ubavuni mwa mlango wa stoo, na tangu hapo akawa msemaji wa nyumba. Alikuwa hodari wa kusahihisha watu. Ukiingia chooni kwa mguu wa kulia alikuita akakuambia uanze kwa wa kushoto. Ukila huku umeegemea ukuta, alikuwa na neno. Kazi ilipoanza alisema nisiwe na wasiwasi, niende zangu Kibirizi, fundi atamsimamia yeye. Mimi mjinga nikashukuru.

Kumbe mwenzangu alikuwa na hesabu zake. Siku zile mji ulikuwa umejaa wageni wa mashirika ya misaada, na kila mwenye chumba alikuwa akitafuta wa kumpangisha. Baba mdogo aliona kwamba chumba cha mbele chenye choo cha kukalia karibu yake kingependwa. Hakuniambia. Alimwambia fundi akipange choo kitazame mlangoni, ili mgeni akifungua tu akione chote, kinang'aa. Vile vigae vichache vizima nilivyobahatika kuvikuta ndani ya gunia, ambavyo nilitaka viwekwe mahali mama atakapokanyaga visimkwaruze, alivipanga ukutani kama picha.

Nilirudi jioni na ndoo zangu tupu nikakuta kazi imekwisha. Nilifurahi. Nilikimbilia chumbani nikamleta mama hata sijanawa harufu ya dagaa. Alifika, akashika fremu ya mlango, akatazama ndani, asiingie.

Mlango wa stoo unatazama kaskazini. Sisi Ujiji tunaposali tunaelekea kaskazini, mashariki kidogo. Na chooni kibla haielekewi wala haipewi mgongo. Mtu akikaa pale, angekuwa ameielekea sawasawa, kama aliyetandikiwa mswala. Na aliyeyapanga hayo ni bwana wa mguu wa kushoto.

Mama hakupaza sauti. "Shemeji, mimi sitakaa hivi."

Baba mdogo alitazama choo, akatazama mlango, na niliona usoni mwake kwamba ndiyo kwanza jambo lile linamwingia kichwani. Angesema amekosea, hadithi ingeishia hapo. Alikohoa.

"Si ugeuke kidogo tu ukishakaa, shemeji," alisema. "Mungu anajua nia."

"Mguu huu ungekuwa unageuka," mama akamjibu, "ningekuwa nakwenda uani."

Akaomba nimrudishe chumbani. Nilipotoka nilirudi sebuleni. Nikamwambia baba mdogo choo kigeuzwe. Akasema saruji imeshashika na pesa imekwisha, tena kuna mtu anakuja kuangalia chumba wiki ile, mtu wa nje, mambo ya kibla hayajui wala hayamhusu. Ndivyo nilivyoijua habari ya mpangaji. Nikamuuliza choo kimejengewa nani. Akasema nyumba ni ya ukoo. Fundi, Muha wa Kasulu, alikusanya vifaa vyake akiwa ameinama, akaniambia yeye ni Mkatoliki, mwenye nyumba akisema hivi anafanya hivi. Sikuwa na ugomvi naye.

Asubuhi yake tulivuka ua kama kawaida, mimi na mama na kopo letu. Wakaanza habari za mihogo. Mama akasimama katikati ya ua kuvuta pumzi. Baba mdogo alikuwa amekaa sebuleni, amemaliza kusali, anakunywa chai niliyoipika mimi.

Sikwenda Kibirizi siku ile. Nilichukua nyundo na tindo nikaingia stoo. Nilipiga saruji nikiwa nalia na kutukana, maneno ambayo mwanamke wa nyumba yetu hakutarajiwa kuyajua. Baba mdogo alikuja mlangoni akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia ndiyo, na asogeze miguu yake. Akaondoka kwenda kunisemea msikitini.

Aliyeingia baada yake ni mama mdogo. Alifunga kitenge chake vizuri kiunoni, akachuchumaa karibu yangu, akaishika nyundo mkononi mwangu.

"Leta, mtoto wa yaya," aliniambia kwa Kiswahili chao cha ng'ambo, ambako yaya ni dada mkubwa. "Weye unapigaka na hasira. Utapasula choo, na kingine hatuna."

Alipiga yeye, taratibu, akizunguka choo kidogo kidogo mpaka kikaachia kizima. Tukakigeuza kielekee magharibi, upande wa ziwa. Fundi niliyemwita tena akaunga bomba kwa kiwiko na kuziba. Pale kilipokuwa kimekaa mwanzo pakabaki doa kubwa la saruji ya kijivu, na vigae vya kuliziba havikuwapo. Kwa macho ya mpangaji kilikuwa kimeharibika.

Kikabaki kikwazo kimoja. Mlango ulikuwa unafungukia ndani, na sasa uligonga magoti ya mtu aliyekaa. Ilibidi uhamishwe bawaba ufungukie nje, yaani sebuleni, yaani kwenye kiti cha baba mdogo. Nilimwomba akisogeze. Akasema kiti kile kiko hapo tangu enzi za kaka yake na hakiondoki. Nikamwambia fundi afunge mlango hivyo hivyo.

Alasiri mama alitoka chumbani na fimbo yake. Nilinyanyuka kumshika, akanizuia kwa kiganja. Alitembea ameshika ukuta, akafika, akasimama mbele ya kiti cha shemeji yake, kimya. Baba mdogo alijifanya anatafuta stesheni kwenye redio. Huko uani walikuwa wanaona kupitia mlango wa nyuma, na safari hii hakuna aliyetaja mihogo. Tulikaa hivyo hadi redio ikamwishia maneno. Baba mdogo akainuka, akavuta kiti pembeni, akabaki amekishika mgongo.

Mama aliingia, kwa mguu wa kushoto, akaufunga mlango. Komeo likalia.

"Kaa tu, shemeji," alisema kutoka ndani. "Nitachelewa."

Baba mdogo hakuweza kukaa mahali pake bila kuziba mlango, kwa hiyo alimngoja akiwa wima. Mama alipotoka, aliniita nimletee maji ya kunywa. Nikamletea kikombe kikubwa. Akakinywa chote akiwa amesimama pale pale mbele ya shemeji yake, akafuta midomo yake iliyopasuka, akaomba kingine.