Hewa Haiingii

Juzi binamu yangu wa Kisarawe kanitumia picha kwenye simu, na tangu hapo hata chai hainishuki. Picha yenyewe ni ya kiboksi tu, cha darubini ya kufunga juu ya bunduki. Nguruwe pori wanamalizia mihogo yake, kibali cha bunduki kimetoka, sasa anatafuta darubini ya bei nafuu ambayo haitamwangusha. Akaandika: "Dada, we ndo msomi wetu, nisomee hapo wanasemaje." Nikasoma. Nikarudia. Boksi la namna hiyo nilishawahi kulisoma, nikiwa na miaka kumi, nimesimama dukani Kariakoo pembeni ya babu.

Mimi siyo mtu wa hasira, wanaonijua wanajua. Lakini hili acha niliseme.

Tulikuwa tunakaa kwa bibi, hapo hapo Kariakoo, nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani bomba moja la watu wote. Asubuhi bibi anachoma vitumbua, iliki inanukia mpaka barabarani, na kazi yangu ni kusugua kile kikaango cha mashimo kabla sijaenda shule. Nje mikokoteni inapiga kelele, wauza mabegi wanaita wateja, na maduka yakifunguliwa inatoka ile harufu ya plastiki mpya. Rafiki yangu, ningekuwa na uwezo ningeiweka ile harufu kwenye chupa.

Babu alikaa shamba, Kisarawe. Akija mjini nguo zake zinanuka moshi wa kuni, na mimi nilikuwa nalala nimeikumbatia kofia yake. Alikuwa mwindaji mwenye kibali, paa kwa kitoweo, nguruwe kwa kulinda shamba. Kijijini walikuwa wanasema, ukisikia bunduki ya mzee yule imelia mara moja, bandika sufuria. Haikuwahi kulia mara mbili. Hilo ndilo lilikuwa jina lake, kuliko hata lile alilopewa na baba yake.

Siku hiyo aliingia uani na kipande cha mti kwapani. Kariakoo huwezi kuingia na bunduki, polisi watakula sahani moja na wewe. Basi alikuwa amekaa siku mbili akichonga mninga mpaka ukafanana na mgongo wa bunduki yake, pale darubini inapofungwa, na matundu ya skrubu kayapima kwa uzi.

Bibi alicheka mpaka kitumbua kikaungua. "Mume wangu, unaenda vitani na mwiko?"

"Naenda dukani. Vitani niliingia siku niliyokuoa." Akanigeukia, maana kwetu babu na mjukuu ni utani. "Twende, mke mdogo, ukanisomee."

Duka la kwanza wakamtolea darubini ndefu kama bomba la maji. "Mzee, hii unamwona mbu anapiga mswaki!" Babu akaiweka jichoni, akatazama ng'ambo ya barabara, akairudisha. "Mwanangu, nguruwe mimi namkuta hatua arobaini, ndani ya kichaka. Hii ikinionyesha unyoya mmoja, mnyama mzima nitamtafutia wapi? Nataka kuona kichaka, sitaki kuona mwezi."

Alikuwa na namna yake ya kuchagua. Anaacha vidole vinne kati ya jicho na kioo, kama haoni vizuri kwa umbali huo anaikataa, maana bunduki ina teke, na darubini inayotaka kubusu jicho itakupasua nyusi. Halafu anaitazamisha penye giza, chini ya meza za watu. Muuza ndizi mmoja akamshtukia. "We babu, unanipimia nini?" "Napima ndizi, mama." "Ndizi ziko juu ya meza, huko chini kuna miguu yangu!" Kichochoro kizima kikacheka, na babu akacheka kuliko wote.

Duka la tatu ndiko alikokuwa yule mtu. Mtu mzima, sauti ya upole. Hakumvuta babu shati kama wengine. Alimpa kigoda, akamwagizia kahawa, akamwita mzee wangu. Akatoa kiboksi kidogo. Darubini ndogo, nyepesi, bei ya mtu wa kawaida, na ikakaa juu ya ule mti utadhani ndugu yake. Babu akaipenda. Akauliza swali moja tu: "Kwetu alfajiri kuna ukungu. Haitoki jasho ndani?" "Haitoki." Babu akanipa boksi. "Soma, mke mdogo."

Yalikuwa maneno mengi na mimi nililijua moja tu: AIR. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa ametuimbisha wiki nzima, air ni hewa, water ni maji. Nikanyoosha shingo, nikasema kwa majivuno, "Babu, wameandika mambo ya hewa."

Muuzaji alinyamaza. Kidogo tu, kama mtu anayemeza mate. Akaniangalia, akaangalia boksi, kisha akatabasamu. "Msomi huyo! Hewa, mzee wangu, maana yake hewa haiingii. Imezibwa. Hata uizamishe Mto Ruvu."

Babu akajipiga paja. Hewa haiingii, si ndicho alichokuja kutafuta! Yule mtu akanipa pipi ya kijiti kwa kusoma vizuri, na mimi nikaila.

Babu akarudi shamba, akaifunga, akapiga risasi tatu kwenye ubao. Zote zikakaa pamoja, unazifunika kwa kifuniko cha chupa ya soda. Wiki iliyofuata, asubuhi, mbwa wake akamzuia nguruwe kwenye mihogo. Mbwa huyo babu alimlea kwa uji tangu hajafumbua macho. Nguruwe kasimama, mbwa yuko ubavuni mwake, hatua thelathini. Babu akalenga bega la nguruwe. Bunduki ikalia mara moja, akaanguka mbwa.

Nguruwe akaondoka zake. Babu alimbeba mbwa wake mpaka nyumbani, shati lote damu.

Hakuna aliyeitazama ile darubini. Hata mmoja! Wote walimtazama yeye. Mzee haoni tena, wakasema, na wale wale waliokuwa wakibandika sufuria wakaanza kusema, ukisikia mlio mmoja, hesabu mbwa wako. Wajomba wakaitisha kikao. Bibi mwenyewe ndiye aliyesema neno la mwisho, kwamba bunduki irudishwe polisi kabla hajaua mtu. Babu hakubisha. Aliirudisha kwa mikono yake, akahamia kwetu mjini, akawa anakaa barazani anamchambulia bibi mchele. Watu wakamsalimia kwa kupayuka, kana kwamba aliyekosa macho kakosa na masikio. Na mchele ule, nakuapia, hatukuwahi kung'ata jiwe. Tulikula miaka yote ile na hakuna aliyejiuliza.

Sasa rudi kwenye picha ya binamu. Mtaani kwetu Ilala kuna mzee, jirani, askari wa wanyamapori mstaafu. Nikampelekea simu. "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu." Akavaa miwani, akacheka. "Hii ya bunduki ya upepo hii. Ya kulengea njiwa. Ukiifunga kwenye bunduki ya risasi, inavumilia teke la kwanza, la pili, la tatu, halafu msalaba wa ndani, ule wa kulengea, unahama. Kwa nje huoni kitu, kwa ndani inakudanganya."

"Si wameandika hewa?"

"Upepo, mwanangu. Ni neno hilo hilo."

Upepo! Ningesema upepo, babu angesimama pale pale, angekwapua mti wake na kuondoka, maana bunduki ya upepo anaijua hata mtoto wa Kisarawe. Neno moja. Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi, nasema nilichofundishwa. Yule mtu alikuwa mtu mzima, anaijua bidhaa yake, na aliuona ujinga wangu ukiwa bado wa moto akaufunga kwenye mfuko akamuuzia babu yangu. Kile kimya chake ndicho kinachonichoma. Alipata muda wa kuchagua, na alichagua.

Nikamwandikia binamu: hiyo usiinunue. Chukua inayokuza kidogo, mara moja mpaka nne, uone vizuri jicho likiwa vidole vinne nyuma ya kioo, na muuzaji akuoneshe ilipoandikwa kwamba ni ya bunduki ya risasi. Kisha nikaenda Kariakoo. Sijui nilitaka kumfanya nini. Duka halipo, kigoda hakipo, kichochoro chenyewe kimemezwa na ghorofa la vioo linalouza nguo za watoto. Nikasimama mlangoni napumua kama nimekimbia. Binti mmoja akaja, anatabasamu, "Karibu dada, mtoto ana miaka mingapi?" Ningemfokea nini yule? Nikamwambia asante, nikaondoka na hasira yangu nzima, haijapungua hata punje.

Sasa akabaki bibi wa kuambiwa. Nilifikiria kumficha, maana babu keshatangulia na kikao kile yeye ndiye aliyekifunga. Lakini nikaona na mimi nitakuwa nimenyamaza kama yule muuzaji. Nikakaa kitandani kwake, nikamweleza yote, na wajomba, na msalaba wa ndani, na upepo.

Akauliza, "Kwa hiyo alikuwa anaona?"

"Alikuwa anaona, bibi. Siku zote."

Akavuta kanga, akaifuta miguu yake isiyo na vumbi. "Miaka yote ile nilikuwa namshika mkono kumvusha barabara," akasema. "Mpaka siku ya mwisho, namwambia, kuna gari, ngoja, haya sasa twende. Na yeye ananipa mkono tu. Hakuuchomoa hata siku moja."