Fedha Iliyogeuka Nyekundu

Kwa miaka mingi Peng Yueh-chiao alipaka madini ya fedha kwenye vioo katika maabara moja ya mji wa Hsinchu. Alichovya kipande cha kioo ndani ya maji yenye chembe za fedha, ndogo hata jicho halizioni, akakikausha. Siku zote kilitoka cha manjano, kama chai isiyokolea.

Asubuhi moja vioo vikatoka vyekundu.

Akaduwaa. Akamwaga maji yote ya fedha, akasugua vyombo, akatengeneza mengine. Wekundu uleule! Hakumwonyesha mtu. Mama yake alianza kupofuka akiwa na umri kama wake, na upofu huo ulianza kwa kukosea rangi. Wakati wa chakula cha mchana, badala ya kula, akakimbilia kwa daktari wa macho.

"Mama, macho yako mazima kabisa," daktari akamwambia.

Badala ya kufurahi, akazidi kuchanganyikiwa. Kama si macho, basi ni akili?

Aliporudi maabarani alimkuta Dakta Liao, mkubwa wake wa kazi, ameinua kioo chekundu dirishani, anatabasamu.

"Dada Peng, vimetoka vizuri!"

"Vizuri? Si nimeviharibu?"

"Aa, hujaharibu kitu. Boksi hili la vioo nililibadilisha jana. Vioo hivi vina utando mwembamba wa oksidi ya titani juu yake, hauonekani kwa macho. Sikukwambia?"

"Hukuniambia! Nimemwaga maji yote ya fedha, nimekwenda kupimwa macho!"

Liao akashika kichwa. "Nisamehe, dada yangu. Fedha ni ileile. Mwanga ukiipiga, umeme ulio ndani yake huyumbayumba, ikameza rangi fulani. Ikikaa juu ya titani, kuyumba kule hupungua kasi, ikameza rangi nyingine, na wewe unaona zilizobaki."

"Kitu kiko chini, kinabadilishaje rangi ya kilicho juu?"

Liao akaeleza tena. Peng hakumwelewa. Akachukua kioo kitupu cha boksi la zamani na kimoja cha boksi jipya, akavichovya mwenyewe katika chupa moja. Kimoja cha manjano, kimoja chekundu. Akavitazama mpaka Liao akaondoka kwenda kumnunulia tambi za kumwomba radhi.

Jioni alimsimulia mumewe yote.

"Sasa rangi ya hiyo fedha hasa ni ipi?" mumewe akauliza.

"Usiniulize mimi," akasema. "Mimi leo hata sijui."