Bata Aliyenyamaza

Gaudiosa hakupenda maneno mengi na mteja. Mpe kitu akishike, akikague, alipe. Hivyo ndivyo alivyotoka kuuza senene barabarani mpaka akapata meza ndani ya soko la Bukoba. Mwaka huu kila mama mwenye ndoto ya shule ya Kiingereza alitaka bata wa plastiki: ukimbonyeza tumbo anasema samaki, halafu fishi, ng'ombe, halafu kau.

Wateja waliogopa kuuziwa betri zilizokufa. Basi Gaudiosa aliwafungulia mgongo wa bata wazione, ndogo, zinang'aa kama vifungo vya shati. Skrubu zilimchelewesha, kwa hiyo alizing'oa zote mapema akazitia koponi. Mfuniko ulijishikilia wenyewe, angalau mpaka mteja atoke sokoni.

Bata mmoja alikwenda Ijumbi kwa Ephrasia, binti wa kaka yake, kwa bei ya ndugu ambayo haikupungua sana.

Asubuhi moja Ephrasia akapiga simu. Mtoto, Mujuni, hakuwa amekula tangu jana, hata ndizi za kuponda alizitema. Udenda ulimtoka, alikohoa. Mama mkwe alishasema ni kimeo, na mkataji wa vimeo alikuwa njiani. Gaudiosa aliitikia tu, simu begani, akibishana bei na mama mmoja mjamzito.

"Na bata wako kaharibika, shangazi," Ephrasia akasema. "Toka jana kanyamaza. Umeniuzia bubu."

Gaudiosa akaacha kubishana.

"Tazama mgongoni."

"Mfuniko haupo. Kuna betri moja. Zilikuwa ngapi?"

"Tatu." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Usimlishe. Huyo mkataji asimguse. Panda pikipiki sasa hivi, mpeleke hospitali Rubya. Neno la kwanza uwaambie kameza betri."

"Shangazi, waitu, lakini mfuniko si ulikuwa na skrubu?"

"Niliitoa mimi. Nenda."

Simu ikakatika. Akamwaga kopo mezani. Skrubu zilikuwa nyingi kuliko bata waliobaki. Wenzao walikuwa Ijuganyondo, walikuwa Muleba, majumbani mwa watu ambao hakuwauliza hata majina.

Mjamzito akambonyeza bata aliyekuwa mkononi mwake. "Samaki," bata akasema. "Fishi."

"Nipunguzie kidogo, nimchukue."

Gaudiosa alimpokonya, akaanza kutafuta bisibisi chini ya meza, jicho likiwa kwenye simu.