Sauti ya Nambari Kumi na Saba

Mama Mizani hakuamini mizuka, na hakuwa na subira na wanaoiamini. Mimi niliyemfundisha kusoma nilikuwa mmoja wao.

Alianza kusoma akiwa na miaka thelathini na minne, kwa hasira. Dada yake alikuwa amefia uzazini. Wiki za mwisho uso na mikono vilimvimba, na nyumba nzima ikamsifu kwamba amenawiri. Mama Mizani ndiye aliyemsifu kuliko wote. Miaka miwili baadaye alisoma bango la zahanati, neno kwa neno, akajua kwamba ule uvimbe ulikuwa dalili ya hatari. Alikaa chini palepale akalia. Kisha akajitolea kufanya kazi zahanatini, akapewa mizani ya kupimia uzito, na jina likamganda.

Kila Jumatano alikuja darasani kwangu, stoo ya zamani nyuma ya zahanati, ambako akina mama waliokosa shule na wasichana wa kazi za ndani husoma saa tisa alasiri. Aliwapima, akawafundisha afya, akawatania mpaka wakasahau uchovu. Ukuta wetu wa nyuma ni wa nyumba ya muuza mbao. Juu yake kuna matundu ya hewa, hata kiganja hakipiti.

Katika nyumba hiyo alifanya kazi Chiriku, msichana wa miaka kumi na sita tuliyembandika jina hilo kwa sababu mdomo wake haukuwa na kituo. Ghafla akaacha kuja. Mke wa muuza mbao akatuambia amerudi kwao, akaugua, akafariki. Tulimlilia sana.

Mwezi ukapita. Jumatatu moja nikiita mahudhurio, nikapitiwa, nikaita nambari yake, kumi na saba.

"Nipo," sauti ikajibu.

Ilikuwa hafifu, kama inatoka ndani ya mtungi, lakini yake. Jumanne nikaita kwa makusudi, ikajibu tena. Benchi la nyuma likahamwa. Mama mmoja akasema marehemu hajaagwa vizuri. Mimi msomi nikakubaliana naye, nikaamua kumfuta kwenye daftari na kuomba chumba kingine.

Jumatano nilimweleza Mama Mizani. Hakucheka. Aliuliza nani kati yetu aliliona kaburi. Hakuna. Akautazama ukuta kwa muda mrefu, akaninong'oneza kwamba msichana hafichwi kwa ajili ya homa. Kisha akafundisha dalili za hatari kwa mjamzito, kwa sauti ya juu kupita kiasi. Mwishoni akaita, "Nambari kumi na saba, zitaje."

Sauti ikaanza, taratibu, kama mtoto mbele ya mkaguzi.

"Kuvimba uso na mikono. Kichwa kuuma sana. Kuona vimulimuli." Ikasita. "Mama, mimi vimulimuli naviona tangu jana."

Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Watu waliokwisha kumtangaza marehemu walikuwa na haja gani ya kumpeleka hospitali?

Tulitoka wote. Mke wa muuza mbao akatufungulia, akasema kwa upole kwamba ndani hamna mtu. Mama Mizani alimpiga kikumbo akapita. Chiriku alikuwa chumba cha mwisho, amesimama juu ya meza, mdomo kwenye tundu, uso umevimba hata sikumtambua. Kwenye kona kulikuwa na sanda mpya, bado imekunjwa. Mimba ilikuwa ya nani, sina haja ya kusema. Muuza mbao alihama mtaa wiki ileile.

Tulimkimbiza hospitali, mtoto akazaliwa amekufa. Chiriku alipona. Nilipokwenda kumtazama wodini nilimuuliza, kwa ukali nilioujutia, kwa nini hakupiga kelele.

"Niliogopa, wenye nyumba wangenisikia," akasema. "Lakini kuitwa na kuitika si kosa. Nilikuwa nangoja uniite, mwalimu. Mwezi mzima ukawa unairuka nambari yangu."